Pole Niliyopewa Arua

Je, mtu anayeshiriki furaha au huzuni ya wenzake ana wajibu wa kuwaambia yeye ni nani? Swali hili sikulipata darasani. Nililipata kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, siku ya Ijumaa, tarehe 24 Machi 2023. Baadaye nilipolileta kwa wenzangu walicheka kwanza, kisha wakagawanyika pande mbili na kubishana hadi chakula kikapoa. Hapa najaribu kulijibu, na siwezi kulijibu bila kueleza nilivyokosea.

Safari yenyewe haikupangwa. Nilikuwa Kampala kwa muhula mmoja wa mabadilishano ya wanafunzi. Alhamisi jioni nilijikuta na shilingi laki mbili za Uganda mfukoni, vipindi viwili vya kesho yake ambavyo sikuvipenda, na hamu ya kuwa mahali ambapo hakuna anayenijua. Saa tatu usiku nilikuwa ndani ya basi la Arua. Nilitaka kuuona Mto Nile pale darajani Pakwach, kupanda kilima cha Arua, kumnunulia mama kitenge cha Kongo, na kuangalia mpira. Nilikuwa nimesikia habari za Onduparaka, timu ya huko iliyopanda ligi kuu ya Uganda mwaka 2016 na kuwashangaza watu kwa wingi na kelele za mashabiki wake. Lakini wiki hiyo ilikuwa ya timu za taifa, na Ijumaa ile Uganda ilikuwa inacheza na Tanzania kuwania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Mechi ilihesabiwa kuwa ya nyumbani kwa Uganda, ingawa ilichezwa Ismailia, Misri, kwa kuwa Uganda haikuwa na uwanja uliokubaliwa na CAF.

Mimi ni Mtanzania. Nilijiambia kwamba kuiangalia mechi hiyo katikati ya Waganda kutanifurahisha.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuchagua Arua, ambayo sikumwambia mtu. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, babu alikwenda vitani. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini vita havikuishia pale. Askari wetu waliendelea kaskazini hadi mpaka wa Sudan, na huko ndiko vita vilikokwisha, tarehe 3 Juni. Babu alifika Arua na Koboko. Koboko ni nchi ya Wakakwa, kabila la upande wa baba yake Amin. Babu hakupenda kusimulia vita. Kitu kimoja tu alikirudia mara kwa mara: kwamba waliikuta miji mitupu, na maembe yalikuwa yakianguka chini bila mtu wa kuyaokota.

Niliifika Arua asubuhi, shingo ikiuma. Nilipanda kilima, nikaona mabati ya mji yakimetameta na barabara nyekundu zikielekea Kongo, ambako si mbali. Sokoni nilisikia Kilugbara, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, wakati mwingine vyote katika sentensi moja ya kupatana bei. Kule kusini mwa Uganda nilizoea kuona watu wakikitazama Kiswahili kwa shaka, kama lugha ya askari na wezi. Arua niliagiza chai kwa Kiswahili na hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilijisikia nyumbani, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kujisahau.

Kibanda kilikuwa cha mabati na mbao, na kiingilio kilikuwa shilingi elfu moja. Ilikuwa mwanzo wa Ramadhani. Nilikaa kwenye benchi karibu na mzee wa umri wa miaka hamsini na kitu, aliyevaa kofia na kushika tasbihi. Tulianza kuzungumza kabla timu hazijaingia uwanjani. Alisikiliza sentensi mbili tu za Kiswahili changu, akasema, "Kiswahili yako safi sana, kijana. Hii ni ya wapi?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema kweli. Niliangalia kofia yake, nikamkumbuka babu, nikaangalia watu waliojaa nyuma yangu, nikasema, "Mombasa."

Alifurahi. "Mombasa! Basi wewe Mwislamu. Umefunga?" Mimi ni Mluteri, na mkononi nilikuwa na chupa ya soda. Kabla sijajibu alinisaidia mwenyewe: "Msafiri ana ruhusa. Lakini kesho utafunga na sisi." Alipouliza jina langu sikuweza tena kutaja la ubatizo. Nilitaja la kwanza lililonijia.

Mechi ilikuwa ngumu. Kipindi cha pili Simon Msuva akaifungia Tanzania. Kibanda kizima kilinyamaza. Mimi nilijikunja, nikaficha uso kwenye viganja vya mikono, kwa sababu nilikuwa nacheka na sikuweza kujizuia. Mzee yule hakuona kicheko. Aliona mgeni aliyeinama kwa uchungu. Aliniwekea mkono begani na kusema, "Pole, mwanangu. Wewe si wa hapa, lakini leo umeumia pamoja na sisi." Mechi ikaisha kwa bao hilo moja. Nikapokea pole ya msiba ambao kwangu mimi ulikuwa harusi.

Tulipotoka aliniambia kwamba yeye ni mtu wa Koboko, anafanya kazi Arua, na kesho anakwenda kwake. Kama nilikuja kutembea, kwa nini nisiende kutembea kwao? Mtu mwenye akili angekataa. Mimi nilikuwa na aibu, na nikadhani kukubali mwaliko wake ni namna ya kulipa.

Jumamosi nilifunga. Sikufunga kwa imani, nilifunga kwa sababu uongo wangu ulinidai. Katika taksi ya kwenda Koboko, mwendo wa kilomita hamsini na kitu, mzee aliniuliza habari za kivuko cha Likoni na Ngome ya Yesu, na mimi, ambaye sijawahi kukanyaga Mombasa, nilimjibu kwa yale niliyosoma vitabuni. Nyumbani kwake mkewe alinipokea kwa maji ya kunawa, akawaita majirani wawili waje kumwona mgeni wa Mombasa. Watoto waliniuliza kama bahari ina mwisho.

Mchana mzee alinipeleka kwa bodaboda hadi Salia Musala, mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Aliniambia jina hilo kwa Kikakwa lina maana ya mafiga matatu. Wakakwa wanaishi pande zote tatu. Historia ya eneo hili ni ya kushangaza. Lilikuwa sehemu ya nchi aliyopewa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa muda. Baada ya kifo chake likarudi chini ya utawala wa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 likaunganishwa na Uganda. Mtu aliyezaliwa hapa mwanzoni mwa karne ile angeweza kuzeeka akiwa amekaa chini ya serikali tatu bila kuhamisha hata jiko lake. Nikiwa nimesimama pale nilipata kijitetezi cha kwanza. Nikajiambia kwamba kama mipaka yenyewe ni ya kubahatisha namna hii, kuna ubaya gani mimi nikibadilisha nchi yangu kwa siku mbili?

Hapa nisimamishe hadithi kidogo, kwa sababu usiku ule nililala nikijitetea, na vijitetezi vyangu vinafanana na vile ambavyo wenzangu walinipa baadaye.

Wengi wetu tumesoma kwamba mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika kutetea msimamo ambao mpaka leo unawashangaza wanafunzi: hata muuaji akija mlangoni kumuuliza rafiki yako aliyejificha ndani, huna haki ya kumdanganya. Alikuwa anamjibu Benjamin Constant, Mfaransa aliyesema kwamba kusema kweli ni wajibu kwa yule tu mwenye haki ya kuijua. Usiku ule Koboko nilikuwa upande wa Constant. Mzee yule alikuwa na haki gani juu ya utaifa wangu? Tulikaa benchi moja kwa shilingi elfu moja kila mmoja. Pili, nilisema, uongo huu haukumdhuru mtu: yeye alipata mgeni, mimi nikapata mwenyeji. Tatu, nililinda amani. Ningesema kwamba natoka Tanzania, na babu yangu alipita hapa na bunduki, ningewafungulia watu hawa kidonda kwenye mwezi wao mtukufu.

Hivyo vilikuwa vijitetezi vitatu. Kilichofuata kilivivunja kimoja kimoja.

Jioni ya Jumamosi tulifuturu kwa uji na tende, kisha ugali wa muhogo na kunde zilizotiwa ufuta wa kusaga. Baada ya chakula mzee alianza mwenyewe kuzungumza juu ya mwaka 1979. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu. Familia yake, kama wengine wengi, ilikimbia kwa hofu kabla jeshi la Tanzania halijafika. Baada ya muda baba yake alirudi kuangalia nyumba na akawakuta askari wa Kitanzania kisimani. "Walimwomba maji," alisema. "Kwa Kiswahili. Na wakasema asante." Mzee hakuwasifu kupita kiasi, kwa sababu vita ni vita. Lakini kwa maelezo yake, mambo yaliharibika baadaye, Watanzania walipopungua na jeshi jipya la Uganda lilipokuja kulipiza kwa watu wa West Nile yale aliyoyafanya Amin. Alitaja Ombaci, misheni ya Kikatoliki karibu na Arua, ambako tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia hapo. Watu wa eneo hili waliishi miaka mingi ya ukimbizi Sudan na Kongo. Mzee alikua mtu mzima huko.

Nilimsikiliza nikiwa na kijiko mkononi. Nilikuwa nimedhani kwamba najua mzee huyu ana chuki gani moyoni, na nikajikinga nayo kabla hajafungua mdomo. Sikuwa nimelinda amani yoyote. Hofu yangu ilikuwa na hukumu ndani yake: nilikuwa nimemhukumu bila kumsikiliza, na kwa sababu ya hukumu hiyo nikamnyima nafasi ya kuniambia mimi, mjukuu wa mmoja wa askari wale, jambo ambalo labda alitaka siku nyingi kumwambia Mtanzania. Aliyasema yote kwa mtu wa Mombasa asiyekuwepo.

Sitaki ieleweke kwamba kosa langu lilikuwa kosa kwa sababu tu mzee hakuwa na chuki. Angekuwa nayo ingekuwa haki yake pia. Asubuhi ya Jumapili, tukiwa dukani jirani na kwake, nilijaribu ukweli kwa mara ya kwanza. Nilimwambia mama aliyeniuzia maji kwamba natoka Tanzania. Alinitazama, akanyamaza, akanihesabia chenji na kugeuka kupanga sabuni zake. Sijui alikuwa anafikiria nini. Najua tu kwamba ukimya ule ulikuwa wake, na aliutoa kwa mtu aliyemjua ni nani.

Mzee alinisindikiza kwenye magari ya Arua. Hapo nilimwambia yote: Tanzania, ubatizo, babu. Nilitegemea aanze na babu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe Ijumaa ulikuwa unafurahi."

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nikakupa pole."

Nikasema, "Nisamehe, mzee."

Akasema maneno ambayo nimeyafikiria kuliko yote niliyosoma mwaka ule. "Sisi tulidanganya sana. Kwenye vizuizi vya barabarani, wakiuliza wewe mtu wa wapi, ukisema Koboko umekufa. Tulisema majina ya watu wengine, tulisema tunatoka sehemu nyingine. Tulidanganya ili tuishi. Wewe ulidanganya ili ufanye nini?" Sikuwa na jibu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayewaza jambo la nyumbani kwake: "Na mama nitamwambiaje? Ameshawaambia majirani ana mgeni wa Mombasa."

Hapo kijitetezi cha kwamba sikumdhuru mtu kilikwisha. Mwanamke yule alikuwa amesema uongo wangu kwa kinywa chake mwenyewe, akiamini ni kweli, mbele ya watu anaoishi nao kila siku. Mimi nilikuwa naondoka na basi la mchana. Yeye alibaki na maneno yangu. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sijui mwenyeji anaponaje na mgeni ambaye hayupo.

Kilibaki kijitetezi cha Constant: haki. Mzee alikuwa na haki gani ya kujua? Nimekuja kuamini kwamba mwanzoni hakuwa nayo. Alipouliza Kiswahili changu ni cha wapi, ningeweza kucheka na kusema, "Ni cha huko chini, mzee," na kuangalia mpira. Mtu anayesafiri wikiendi ana ruhusa ya kutojulikana. Aliyenipita kilimani Arua na mama aliyeniuzia kitenge hawakunidai jina wala nchi, kwa kuwa tulipeana pesa na bidhaa tukamaliza. Lakini mambo yalibadilika mkono wa mzee ulipotua begani mwangu. Tangu dakika ile nilikuwa napokea vitu ambavyo havinunuliwi: pole, kisha kitanda, futari, hadithi ya kukimbia kwake. Vyote alimpa mtu fulani, na mtu huyo hakuwa mimi. Nilikuwa natumia mali ya mwingine.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Haki ya mtu kuujua ukweli wako haitokani na swali lake. Inatokana na kile unachokipokea kutoka kwake. Kanuni hii inanisaidia kuona kwa nini uongo wa mzee kizuizini na uongo wangu kibandani si ndugu, ingawa maneno yake yanafanana. Askari aliyemuuliza kijana wa Koboko anatoka wapi hakuwa amempa chochote, na alichokusudia kumpa ni risasi. Hakudai ukweli kwa haki yoyote. Mimi niliulizwa na mtu aliyekuwa anasogea kwenye benchi ili nipate pa kukaa. Kant anaukataa uongo wa wote wawili, na naona amekuwa mkali mno kwa kijana wa kizuizini. Constant angeweza kutusamehe wote wawili, na naona angekuwa mpole mno kwangu.

Mwenzangu mmoja alinipinga hivi: ulikuwa mpira tu, na kila shabiki ni mwigizaji kidogo. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuishangilia timu isiyo yake kwa dakika tisini, na mimi ningeweza kuishangilia Uganda siku nyingine yoyote bila kumdanganya mtu. Lakini mpira una jambo moja ambalo kilima na soko havina. Kilima unakitazama tu. Kwenye mpira mtazamaji anaumia au anafurahi kweli, na jirani yake anaona. Kule kuumia pamoja ndiko kulimfanya mzee aniite mwanangu. Laiti ningesema natoka Tanzania, Msuva alipofunga angenitania hadi nikome, na huenda utani huo ungetufikisha Koboko vilevile.

Jumanne iliyofuata, tarehe 28 Machi, timu zilirudiana Dar es Salaam. Nilikuwa nimesharudi Kampala. Dakika za mwisho kabisa Rogers Mato akaifungia Uganda, na mechi ikaisha moja kwa sifuri kwenye uwanja wetu wenyewe. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Mzee alikuwa amenipa namba yake Ijumaa, alipokuwa anampa kijana wa Mombasa. Nikapiga.

Alipokea, akasikia sauti yangu, akanyamaza kidogo. Nyuma yake palikuwa na kelele za watu wanaosherehekea.

"Pole, Mtanzania," akasema.

Nikasema asante. Nikamuuliza kama amemwambia mama. Akasema bado.